Kanda za Rangwe na Programu Isiyodanganya

Siku niliporudisha funguo za studio, vijana walinikabidhi daftari nene na kalamu mbili. "Jaduong', mzee wetu, andika," wakaniambia. "Tukikuuliza kitu unatusimulia kitu kingine." Sikuweza kubisha. Basi ninaandika, na nitajitahidi nisiruke huku na kule. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hamtazipata humu, kwa sababu sijaona zikimfundisha mtu kushika kamera. Nitawaambia habari za kanda ishirini na mbili na za watu wawili walionifundisha kazi, mmoja kwa masikio na mwingine kwa macho.

Wa kwanza alikuwa Fundi Chacha wa Migori. Alikuwa Mkuria mfupi, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za matope, na studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Nilifika kwake miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nimevaa viatu vya kuazima, nikidhani nitapewa kamera siku hiyo hiyo. Nilipewa pamba na chupa ya spiriti. Kwa wiki tatu kazi yangu ilikuwa kusafisha vichwa vya deki, vile vinavyosoma kanda, na ole wangu akikuta unyuzi wa pamba umebaki ndani.

Wiki ya nne alinivalisha vifaa vya masikioni, akaweka kanda ya harusi, akaniambia nigeuze uso ukutani.

"Sasa niambie. Kanda ni mzima ama imeharibika?"

"Fundi, nitajuaje na sioni?"

"Utajua na masikio. Watu wanasamehe picha, Okumu. Hawasamehi sauti. Kwaya ikiimba na midomo imechelewa nyuma, hata bibi harusi akiwa mrembo namna gani, watasema kazi ni mbaya."

Hiyo ndiyo iliyokuwa amri kuu ya studio ile. Kazi yoyote iliyonakiliwa, kabla haijatoka mlangoni, ilisikilizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na mtu aliyegeukia ukuta. Mara ya kwanza kutumwa peke yangu ilikuwa Ogwedhi, siku ya mnada, kurekodi wataalamu wa mifugo wakiwaonyesha wafugaji namna ya kumshika ng'ombe wakati wa chanjo. Nilirudi nimejaa vumbi na fahari. Fundi Chacha alisikiliza dakika tano, akavua vile vifaa vya masikioni na kuviweka mezani polepole.

"Umetuletea upepo wa Ogwedhi," alisema. "Ng'ombe umewaacha huko."

Nilirudi mnada uliofuata, nikafunika kinasa sauti kwa soksi. Soksi ilikuwa safi, msiwe na wasiwasi. Fundi alisikiliza yote akiwa ameuelekea ukuta, kisha akaniitia chai, na kwake chai ndiyo ilikuwa cheti. Nilimpenda mzee yule, na bado nampenda. Ninalitaja hili mapema kwa sababu hivi punde nitawaambia jinsi amri yake ilivyoniponza, na sitaki mtu amcheke.

Miaka hiyo ilipokaribia kuisha nilihamia Homa Bay, katika studio kubwa kidogo, ambako tajiri alikuwa amenunua kompyuta na mtambo wa kuandika diski. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mama mkwe. Biashara ya diski ilikuwa imeanza. Watu wenye watoto ng'ambo walitaka harusi na matanga yao yatolewe kwenye kanda na kuwekwa kwenye diski, kwa sababu diski hupenya kwenye bahasha. Ninyi leo mnabonyeza mara moja mnaenda kunywa soda. Sisi tuliivuta kanda kutoka kwenye kamera hadi ndani ya kompyuta kwa mwendo wake wenyewe, saa moja kwa saa moja, tukaikata vipande sita kwa kuwa mashine ilikataa faili kubwa. Kisha programu ilikibadilisha kila kipande kuwa kitu ambacho diski inakielewa. Hapo ndipo mvi zangu za kwanza zilipoota. Kipande cha dakika kumi kilichukua saa nzima au zaidi, na huwezi kukaa unakilinda kimoja kimoja mpaka Krismasi. Ulihitaji programu unayoipa orodha ya vipande kumi na viwili, uondoke, na ukirudi uvikute vyote vimekwisha na vyote ni vizima.

Kuipata programu ya namna hiyo kulikuwa kazi ngumu kuliko kutafuta mume wa dada yangu mkubwa. Ya kwanza niliitoa kwenye diski ya bure iliyobandikwa gazeti la kompyuta. Ilifanya kazi vizuri sana, isipokuwa iligonga jina la watengenezaji wake katikati ya picha, na bwana harusi mmoja wa Ndhiwa alitembea kanisa zima akiwa na herufi kifuani. Ya pili nilipewa na mwalimu wa chuo cha kompyuta. Hiyo ilifika kipande cha saba, ikazimika kimya kimya, na ukiiwasha tena haikumbuki hata kwamba mliwahi kukutana. Ya tatu ndiyo iliyonifurahisha. Ilikuwa ya haraka na haikuzimika. Niliugeukia ukuta kama nilivyofunzwa, nikasikiliza kwaya tatu na hotuba ya chifu mmoja, na sauti haikuteleza hata chembe. Nilitangaza kwamba nimeoa.

Wakati huo ndipo Madam Risper alipokuja. Alikuwa mwalimu wa darasa la watoto viziwi lililokuwa ndani ya shule moja ya msingi nje kidogo ya Rangwe. Alibeba kapu la sisal, na ndani ya kapu kulikuwa na kanda ndogo ishirini na mbili za ile kamera ya mkononi. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu aliyeangalia kila kitu: kompyuta, waya, mikono yangu.

"Huyu ni Madam Dorcas, msaidizi wangu," alisema Risper. "Ni kiziwi. Mimi nikifundisha, yeye ndiye watoto wanamwelewa. Fundi, tuko na shida kubwa."

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Wakati huo wakubwa wa elimu hawakuwa wamekubaliana kuhusu watoto wa namna hiyo. Wengine walisema waachwe waongee kwa ishara. Wengine walisema ishara ni uvivu, watoto wafundishwe kutazama midomo, na mikono ikae kimya. Dorcas mwenyewe alisomeshwa kwa njia hiyo ya pili, na alipokuwa mdogo alikalia mikono yake kila siku hadi kengele ya kwenda nyumbani. Sasa kamati ilikuwa inakuja Rangwe kabla ya shule kufungwa, kuamua kama darasa la Risper liendelee kutumia ishara au liache. Kama wangesema liache, Dorcas hangekuwa na kazi, lakini si hilo lililomsumbua zaidi. Watoto thelathini na mmoja wangeanza kukalia mikono.

Kanda zile zilikuwa ushahidi wao. Kwa miaka miwili walikuwa wamewarekodi watoto wakisimuliana hadithi, wakifanya hesabu, wakigombana. Kamati ilitaka diski, ili kila mjumbe abebe nakala na aruke moja kwa moja mahali anapotaka. Kanda nazo zilikuwa zimeanza kushika ukungu wa joto la ziwa, na kamera pekee ya karibu iliyoweza kuzisoma, ile ya shule, ilikuwa inakohoa.

"Utaweza?" Risper aliuliza.

"Madam, hiyo ni kazi ya kawaida," nilimjibu. Mtu akisema hivyo mbele yenu, vijana, shikeni vitu vyenu.

Nilifanya kwa siku kumi na moja. Nilivuta kanda mbili, nikapanga vipande kumi na viwili kwenye foleni, nikaenda zangu. Nikirudi naandika diski, nafuta vipande ili kupata nafasi, navuta kanda mbili nyingine. Kila jioni niliugeukia ukuta na kusikiliza. Nilisikia viti vikisogezwa, jogoo, mtu akikohoa, mvua juu ya mabati. Yote yalikuwa sawasawa, na nikaandika "safi" kwenye kila diski kwa kalamu ya wino mzito. Naomba msome sentensi hizo mbili za mwisho tena, kwa sababu mimi sikuzisoma wakati ule. Nilikuwa nakagua maneno ya watoto viziwi kwa masikio.

Nilizipeleka Rangwe mwenyewe, nikijiona mtu muhimu. Watoto waliketi sakafuni mbele ya televisheni, Risper akaweka diski ya kwanza. Msichana mmoja alitokea kwenye kioo, mikono yake ikaanza kusema. Nilitazama nyuso za watoto nikingoja furaha. Walikunja nyuso. Mmoja alimgeukia mwenzake akainua mabega. Dorcas alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo, akatazama kidogo, halafu akakifunika kioo kwa kiganja chake.

Nilikasirika, siwafichi. Nilimwambia Risper kwamba nimezisikiliza zote na hazina kasoro. Risper alimgeuzia Dorcas maneno yangu kwa ishara, na Dorcas alinitazama kwa muda mrefu bila chuki yoyote. Alichukua chaki, akaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: *Jana mama alinituma sokoni nikanunue omena lakini nikakuta zimeisha.* Akaokota kifutio. Akaacha neno la kwanza, akafuta moja, akaacha moja, akafuta mawili, akaacha moja, akafuta mawili tena. Yakabaki: *Jana... alinituma... omena... zimeisha.* Kisha akanielekezea ubao kwa kidole, nami nilielewa hata bila mkalimani: soma.

"Anasema mashini yako inakula mikono," Risper aliniambia taratibu.

Sekunde moja ya video yetu ina picha ishirini na tano. Programu yangu niliyoiposa, ile ya haraka, ilipozidiwa na kazi iliruka picha nne, tano, kisha ikashikilia moja, ili sauti isichelewe. Kwenye harusi hakuna aliyewahi kuona, kwa kuwa watu wakisikia kwaya iko sawa, macho yao hujaza yaliyobaki. Lakini mkono unaotoka kidevuni kwenda kifuani, ukikatwa njiani, haujasema kitu. Nilikuwa nimechukua miaka miwili ya maneno ya watoto wale nikayatoboa matundu, na vipande vyenyewe nilikuwa nimeshavifuta. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kazini, na sikuiona tena baada ya hapo.

Zilibaki wiki nne na siku chache kabla ya kamati kufika, na kanda zote zilipaswa kuvutwa upya. Niliuliza kila niliyemjua habari ya programu inayohesabu picha zake. Mtu mmoja aliniambia nimwone bruda mzee, mtawa na fundi wa mitambo, aliyekuwa akiishi upande wa Asumbi. Nilimkuta amelala chini ya jenereta, miguu tu ndiyo inayoonekana, nikaieleza ile miguu shida yangu. Alitoka, akapangusa mikono, akaniletea diski mbili za plastiki zisizo na jina.

"Hii haina sura," alisema. "Hakuna vitufe, hakuna rangi. Unaiandikia orodha kwa mkono. Na iko polepole sana."

"Inaruka picha, Bruda?"

"Ikikosa picha moja inasimama na kukuambia. Haiwezi kukudanganya. Watengenezaji wake hawakuifundisha."

Vijana, nimetumia programu nyingi tangu siku hiyo, nyingine zinang'aa kama duka la vioo. Sijaona iliyonipa heshima kama ile. Ilikuwa kioo cheusi na maandishi meupe. Uliandika majina ya vipande, kimoja kila mstari, ukaiachia. Ilimaliza kipande, ikaandika picha ngapi zimeingia na ngapi zimetoka, ikaendelea na kinachofuata. Stima ikipotea, na Homa Bay stima ilikuwa inapotea kama mbuzi, ulipoiwasha ilisoma orodha yake na kuanza pale ilipoachia. Niliitazama ikifanya kazi namna ninavyomtazama mwashi mzuri akipanga matofali. Kanda moja iliichukua karibu siku nzima. Nilihesabu kwa vidole: kanda ishirini na mbili, siku ishirini na mbili, kama hakuna baya litakalotokea.

Baya lilitokea kanda ya kumi na saba. Kamera ya shule ilikohoa mara mbili ikanyamaza, na kanda ikiwa ndani. Kisha nikafanya jambo nililokuwa nalikwepa kwa siku nyingi: nikampigia simu Fundi Chacha kutoka kibanda cha posta, nikamweleza yote, pamoja na habari ya kuugeukia ukuta.

Aliniuliza kamera ni ya aina gani, nikamtajia.

"Kwa hivyo hiyo maneno yangu ya masikio ndiyo ilikupoteza," alisema.

"Hapana, Fundi. Ni mimi sikufikiria."

"Usinidanganye, mimi si kijana. Nakuja."

Alifika siku iliyofuata na shati lake la pasi. Alikuwa na kamera yake mwenyewe ya aina ile ile, ile aliyoipenda na ambayo hakuwahi kuniruhusu niiguse. Aliikalisha mezani, akaifungua, akang'oa kichwa kinachosoma kanda na kukipandikiza kwenye kamera ya shule, kwa kuwa yake ilikuwa imeharibika mahali pengine. Aliing'oa ile kanda iliyokwama kwa koleo la kung'olea nyusi la mke wa tajiri, sentimita kwa sentimita, asubuhi nzima. Dorcas alikuwa amekuja kutoka Rangwe kuangalia. Alisimama pembeni yake, na kila mkono wa Fundi ulipokwenda vibaya aligusa meza kwa kidole kimoja, na Fundi akasimama. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata neno moja. Nilibaki mlangoni nikiwatazama watu wawili wanaojua kazi, na moyo wangu ulijaa.

Ilipochezeka, nilitaka kusikiliza kwa mazoea. Fundi Chacha alinivua vifaa vya masikioni, akamvutia Dorcas kiti mbele ya kioo.

"Leo fundi mkuu ni yeye," alisema. "Wewe Okumu, mletee chai."

Kuanzia hapo hakuna diski iliyotoka bila Dorcas kuitazama yote. Ya mwisho ilitoka asubuhi ya siku ambayo kamati ilikuwa inafika, ikiwa bado na joto.

Wajumbe walikuwa wanne. Kiongozi wao, mzee mmoja mpole mwenye suti ya kijivu, alizungumza na Risper peke yake. Akitaka kujua jambo kuhusu watoto alimuuliza Risper. Akitaka kujua jambo kuhusu Dorcas, alimuuliza Risper pia, na Dorcas yuko hapo hapo. Hakuwa mtu mbaya. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nyuma nilikuwa nikiwaita watu hawa bubu bila kufikiri mara mbili. Wajumbe walipewa viti vya mbele. Watoto waliambiwa wasimame nyuma ukutani, na Dorcas akasimama nao.

"Ongeza sauti kidogo, fundi," kiongozi aliniambia diski ilipoanza.

"Mkubwa, sauti ndiyo hiyo. Wanaongea na mikono."

Alitikisa kichwa kwa adabu na kutazama saa yake. Kwenye kioo alitokea mvulana mwembamba, akaanza kusimulia kitu kirefu. Mikono ilipanda, ikashuka, ikazunguka kichwa, haikuruka popote. Mjumbe mmoja alianza kunong'ona kwamba hizi ni ishara tu, kama mtu anavyomwita konda. Risper alifungua mdomo aanze kutafsiri.

Kabla hajatoa neno, chumba kizima nyuma yetu kilicheka. Watoto thelathini na mmoja walicheka kwa pamoja, kwa sauti zao nene zisizojisikia, wakapigana mabega, mmoja akaketi chini kwa kushindwa kusimama. Dorcas alikuwa amejishika tumbo. Wajumbe waligeuka na viti vyao. Mbele ya macho yao watu wote waliokuwemo humo walikuwa wamesimuliwa kichekesho kizuri, isipokuwa wao wanne, Risper aliyekuwa ameupa kioo kisogo, na mimi.

"Wanacheka nini?" kiongozi aliniuliza.

"Mkubwa, sijui," nilisema. "Mimi sikusoma lugha yao."

Yule mzee alisimama, akampita Risper, akatembea hadi ukutani walikokuwa watoto. Akasimama mbele ya Dorcas, akamtazama usoni, na akangoja mikono yake imjibu.